Wafupi wembamba wenzangu: kitenge cha sare kimenivaa. Nisaidieni kabla ya sendofu ya Lindi

KidogoWaShangani (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Wasimamizi, naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa mishono ya vitenge. Kule kila picha ni dada wa futi 5 na inchi 9, nimechoka kujilinganisha.

Mimi ni mfupi. Futi 4 na inchi 11, kilo 44 nikiwa nimeshiba ugali wa muhogo. Bodaboda wa hapa Mtwara mjini wananiita "mwanafunzi", na nina miaka 29 na cheti cha uhasibu. Konda wa basi la Masasi aliwahi kunitoza nauli ya mwanafunzi. Hiyo sikuipinga.

Sasa twende kwenye mada. Mwezi wa 8 binti ya shangazi yangu aliolewa Masasi. Kamati ikatoa sare: kitenge cha tausi, chini bluu iliyoiva, mkia wa njano na machungwa. Pisi ya yadi 6 tukagawana wawili, yadi 3 kila mtu. Dukani kikiwa kimening'inizwa ukutani kilipendeza, sitasema uongo. Ila tausi mmoja, kuanzia kishungi mpaka ncha ya mkia, ana dhiraa nzima ya mkono wangu. Hilo sikulipima mapema.

Fundi (simtaji, ana watoto wa kulisha) akanishonea gauni la kubana juu, marinda chini, mikono ya puto. Nilikwenda kulichukua usiku umeme umekatika, nikajaribu kwa tochi ya simu na kioo cha kunyolea ndevu. Siku ya harusi ndiyo nikajiona mzima, kwenye kioo cha saluni, saa imeshafika. Kichwa cha tausi kiko bega la kushoto, mshono wa mkono umemkata shingo. Mkia wote umefunguka tumboni. Nyuma upande wa kulia kuna tausi mwingine yuko kichwa chini kama popo.

Nimeingia ukumbini, mjomba wangu mmoja wa Newala, mzee asiye na breki mdomoni, akauliza mbele ya meza nzima: "Jamani, huyo tausi kambeba mtoto wa nani?"

Mpaka leo ukoo mzima unaniita Tausi.

Wenzangu kumi na mmoja waliovaa kitenge hichohicho walipendeza. Wifi yangu mrefu ndiyo usiseme, tausi alimkaa kama kachorewa yeye.

Wiki 4 zijazo nina sendofu Lindi. Kamati nyingine, sare nyingine: kitenge cha feni, yale maduara makubwa kama sahani ya pilau. Nimeshalipia yadi 3. Najua kila mahali wanasema mwili mdogo uvae maua madogo. Sawa, lakini mwenyekiti wa kamati hajui habari hizo na hataki kuzijua. Nifanyeje?

MchovuWaMinada

Ngoja niweke kambi hapa. Mama watoto ni wa saizi hiyohiyo na kila msimu wa korosho ukiisha ananunua kitenge, halafu ananiuliza "nimependezaje" na mimi sina jibu salama.

Andunje_Mwenzio

"Kambeba mtoto wa nani" 😂😂😂 Mjomba apewe soda.

Pole Tausi. Nimekuja kusoma tu.

BintiNachingwea

Mimi futi 5 kamili. Hiyo kanuni ya maua madogo niliifuata miaka mitatu. Vidoto vidogo, vijiua vidogo, vyote vidogo. Siku moja nimeangalia picha ya kicheni pati tumepigwa kwa mbali, nikajitafuta. Mle vidoto vyeupe juu ya cheusi vimechanganyika vyote, naonekana nimevaa kijivu kilichopauka, kama sare ya shule iliyofuliwa sana. Karibu vinapendeza, ukisogea hatua kumi vimekufa. Kwa hiyo nami nataka jibu.

FundiMzee_Masasi

Nimeshona zaidi ya miaka 20, wanawake wa kila urefu. Mwanangu, ngoja nikueleze kwa utaratibu, maana watu wanashika kanuni moja wanaacha kazi yenyewe.

Tuanze na huyo tausi. Mwanamke wa urefu wako, kutoka bega mpaka kiuno hafikishi inchi 14. Mbele, kwapa hadi kwapa, ni inchi 12 au chini kidogo. Dhiraa ya mkono wako tuseme ni inchi 16. Sasa fundi anataka kuingiza picha ya inchi 16 kwenye nafasi ya 14, tena hapohapo kuna mshono wa kiuno, mishono ya pembeni, mshono wa mkono. Ndege atapona kweli? Wifi yako ana nafasi ya inchi 16 au 17 juu, na sketi yake chini ni ndefu, ndege anakaa mzima. Kitambaa ni kilekile, ila kwako kilipitiwa na mkasi mara nyingi zaidi ndani ya eneo dogo.

Jicho la mtu linafuata picha. Likikuta kichwa begani linatafuta mwili, likikuta mkia tumboni linasimama pale. Ndiyo maana mjomba wako alimwona tausi kabla yako. Angekaa mzima mgongoni asingesema neno.

La pili, marinda. Marinda yanaimeza picha, inatokea nusunusu, na juu ya hapo yanaongeza unene mahali ambapo kitenge kipya chenyewe kinasimama kama mfuko wa saruji. Kile kitambaa kina wanga. Loweka usiku, fua, anika kivulini, piga pasi, ndipo ulete kwa fundi. Kitalegea, kitakufuata mwili. Na kama ni pamba, kitakuwa kimesinyaa kabla ya kukatwa badala ya kusinyaa baada ya sherehe ya kwanza.

La tatu, ndege ana kichwa na miguu. Mti una shina na matawi. Picha ya namna hiyo ina juu na chini, kwa hiyo vipande vyote lazima vikatwe vikielekea upande mmoja. Fundi akiona kitambaa kinamwishia anageuza kipande kimoja ili kienee. Ndipo popo wako alipozaliwa. Feni haina juu wala chini, kwa hiyo hapo tayari una nafuu.

Kipimo changu mimi ni kiganja. Mteja aweke kiganja chake juu ya ua. Ua likifunikwa na kiganja, shona unavyotaka. Likizidi kiganja, basi kaa na fundi mpange kila ua litue wapi kabla mkasi haujagusa kitu. Silikatai ua kubwa. Nalikatalia kutua ovyo.

Sasa chukua futi. Nipimie feni moja upana wake, na kutoka katikati ya feni mpaka katikati ya jirani yake kwenye mstari uleule. Na uniambie uwanja wa katikati una nini.

KidogoWaShangani (mwanzisha uzi)

Babu shikamoo! Nimetandika sakafuni sasa hivi, mtoto wa dada yangu kashika upande wa pili.

Feni moja ina inchi 9. Katikati hadi katikati ni inchi 21. Mistari imepishana, feni ya mstari wa chini inakaa kwenye nafasi ya ule wa juu. Uwanja ni bluu nzito yenye mistari myembamba myeupe kama nyufa, huoni mpaka usogee.

FundiMzee_Masasi

Marahaba.

21 toa 9 unabaki na 12. Kifua chako cha mbele kinaingia humo chote. Nitarudi jioni nikuandikie vizuri, nina sare za watu hapa.

MamaWaMtanda_Lindi

Karibu Lindi mwanangu, na huo ukumbi naujua kwa joto, usivae bitana nzito.

Mimi niseme la khanga, maana wafupi wengi tunaharibikiwa huko. Khanga ina mji, ina pindo, ina jina. Ile pindo imezunguka pande zote nne, na fundi wetu kazoea kuiweka chini ya dera, pana, nyeusi au nyekundu. Kwa mtu mrefu inapendeza. Kwangu mimi wa futi 5 pungufu, pindo ya kiganja kizima chini na nyingine kifuani, katikati kinabaki nini? Nakuwa kama meza iliyofunikwa.

Nilimwambia fundi ageuze. Pindo akaishusha wima, mbele katikati, kutoka shingoni mpaka miguuni, zote mbili zimekutana. Chini akapinda kidogo tu, kidole kimoja. Watu wakaniuliza kama nimepungua.

Sasa lile jina. Kabla ya hapo nilikuwa na gauni la khanga iliyoandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Fundi alikata anavyojua, maneno ya mwisho yakaingia ndani ya mshono. Yaliyobaki ni MGENI NJOO, na yamekaa makalioni. Nimetembea hivyo kutoka stendi mpaka sokoni nikishangaa mbona leo naamkiwa na kila mtu. Aliyeniambia ni muuza dagaa, naye alisubiri nimalize kununua.

Andunje_Mwenzio

Mama Mtanda umeniua 😂 Nimeshindwa kufanya kazi.

MtuWaTandahimba

Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, kitenge wanakiita kapulana. Nimekaa Cabo Delgado kwa ndugu zangu kabla mambo hayajaharibika. Wale akina mama wengi hawaikati, wanaifunga tu kiunoni. Picha kubwa kuliko hiyo ya tausi, na wapo wafupi kama wewe, na hawana shida yoyote. Sababu ni kwamba kitambaa kizima unakizungusha mwenyewe mpaka ile sehemu unayoitaka ikae mbele. Ukifunga vibaya leo, kesho unafunga tofauti. Ukishakata hakuna kesho.

Kama kamati inaruhusu, funga lubega au kiunoni na blauzi ya rangi moja.

KidogoWaShangani (mwanzisha uzi)

Kamati hairuhusu. "Gauni, chini ya goti, wote sawa." Nimenukuu kundi la WhatsApp.

Mwl_Fizikia_Ruangwa

Naomba kuingilia kwa jambo moja. Kila mtu anaamini mistari ya kulala inanenepesha na ya kusimama inarefusha. Mjerumani mmoja, Hermann von Helmholtz, mwanafizikia aliyechunguza sana jicho, alionyesha kinyume katika kitabu chake cha mwaka 1867. Chora miraba miwili iliyo sawa. Mmoja ujaze mistari ya kulala, mwingine ya kusimama. Ule wa mistari ya kulala ndio unaoonekana mrefu na mwembamba zaidi. Mwaka 2011 Peter Thompson na mwenzake wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walichapisha majaribio waliyofanya kwa picha za miili iliyovishwa mistari, na nao hawakukuta kwamba mistari ya kulala inanenepesha.

Nimewachorea kidato cha pili ubaoni wiki iliyopita. Darasa zima lilichagua wa kulala. Kwa hiyo dada usiogope mistari ya kulala.

FundiMzee_Masasi

Mwalimu, sibishani na Mjerumani, ila mistari ya ubaoni ni mingi na myembamba, tena iko sawasawa. Wateja wangu wanakuja na kitambaa chenye mstari mmoja mnene wa kijani katikati ya tumbo na mwingine mapajani. Huo ni mkanda. Unamkata mtu vipande vitatu, na mtu mwenyewe ni mfupi. Mistari myembamba ya karibukaribu ya kulala nimewashonea wafupi, inapendeza, hapo nakuunga mkono.

Mwl_Fizikia_Ruangwa

Hoja imepokelewa, mzee. Mraba hauna kiuno.

BibiWaMikindani

Nasoma nacheka. Mimi nina miaka sabini kasoro, sikuwahi kuzidi hapo alipo huyo mtoto. Ujana wangu khanga yangu ya kutokea ilikuwa ya korosho, ile nakshi ya korosho iliyojikunja, kubwa, moja inafunika paja. Nilikuwa naifunga hivi kwamba korosho moja inakaa nyongani, inakwenda na mwendo. Hakuna mtu aliyesema khanga imenivaa. Walisema mengine ambayo siandiki hapa.

Mnafundishana kujificha. Mnataka maua madogo ili iwe nini, msionekane? Kwani ufupi ni ugonjwa?

BintiNachingwea

Bibi shikamoo. Hatutaki kujificha, tunataka tuonekane sisi kabla ya tausi.

BibiWaMikindani

Marahaba mjukuu wangu. Hapo umesema. Lakini hata kisutu, chekundu na cheusi na cheupe, nakshi zake ndogo, bibi harusi wa futi 4 anaonekana toka barabarani. Rangi zake zinapiga kelele. Kwa hiyo udogo wa nakshi peke yake sio upole.

MchovuWaMinada

Hili la bibi nimelielewa kuliko yote. Wife ana kimoja cha kahawia juu ya kahawia, maua makubwa kweli, lakini hayamshindi nguvu kwa sababu rangi zimekaribiana. Na ana kingine kidogo tu cha njano na nyeusi, akikivaa nakiona kitenge kwanza halafu yeye.

Swali la pembeni: na sisi wanaume wafupi tukivaa shati la kitenge?

FundiMzee_Masasi

Shati liishie chini ya mkanda kidogo, lisifunike makalio. Mfuko wa kifuani ukatwe picha iendane na ya shati au usiwekwe kabisa. Suruali ya rangi iliyomo ndani ya kitenge. Basi, ukumbi urudi kwa wenyewe.

P_ya_Mitumba

Nauza magauni ya mitumba, nimewasikia. Kuna kitu wafupi wengi hawakijui. Belo likifunguliwa angalieni lebo za nguo za Marekani. Ukiona namba ina herufi P pembeni, mfano 4P au 6P, hiyo imekatwa kwa mwanamke wa chini ya futi 5 na inchi 4 hivi. Watu wanadhani ni ya mwembamba. Hapana, ni ya mfupi, kuna hadi za wanene. Bega limeletwa karibu, kiuno kimepandishwa, mkono umefupishwa. Yaani mshono wa kiuno unakaa kiunoni kwako kweli.

Na nimegundua jambo nikiwa nazikunja: mara nyingi za maua zenye P huwa na maua ya wastani, siyo makubwa sana na siyo yale madoa ya BintiNachingwea. Ukipata gauni moja la P linalokukaa, hata kama rangi mbaya, nunua, mpelekee fundi alifumue alitumie kama kielelezo. Buku mbili tu hiyo.

FundiMzee_Masasi

Huyu wa mitumba kasema jambo la maana kuliko nilivyosema mimi. Mafundi wengi tunakata kwa kielelezo kimoja cha mtu wa kawaida halafu "tunapunguza" pembeni na chini. Ukipunguza pembeni tu, kiuno kinabaki chini kwenye nyonga. Hapo hata kitambaa cha rangi moja kitamvaa mtu.

Sasa Kidogo, andika.

Kitambaa kikishafuliwa, kitandike, usikunje mara mbili. Kukunja ndiko kunakofanya feni mbili zitokee kifuani, moja kila titi, wala simtanii mtu, nimezirudisha nguo za namna hiyo zaidi ya mara kumi. Kata kipande kimoja kimoja kikiwa wazi.

Mbele juu: uwanja wa bluu mtupu. Hakuna feni. Shingo ya V isiyo ndefu.

Mbele chini: feni moja nzima, pembeni ya paja la kushoto, chini kidogo ya nyonga. Isiwe katikati.

Nyuma: feni moja nzima juu, kati ya mabega. Mbali kabisa na makalio, tafadhali.

Sketi nyoofu, ipasuliwe nyuma upate kutembea. Urefu ni vidole viwili chini ya goti. Ukishusha mpaka katikati ya shavu la mguu utaonekana umezama. Mikono mifupi ya kawaida, ikatwe kwenye bluu. Acha puto, zinakula shingo yako. Mshono wa kiuno uwe juu ya kiuno chako nusu inchi. Ukiwa na kilemba, kiwe cha vipande vilivyobaki, kidogo, kisiwe mnara.

Mwili wako unataka yadi 2, ila kwa mpango huu zitaliwa zote 3, kwa sababu tunaruka feni tusizozitaka. Mtu mdogo kwenye picha kubwa anakula kitambaa kingi kuliko mtu wa kawaida. Fundi akikwambia "kitabaki hiki, nitakutolea na kipochi", mnyang'anye kitambaa.

KidogoWaShangani (mwanzisha uzi)

Babu nalia. Naandika kwenye karatasi. Ila fundi wangu wa hapa akiona nakuja na karatasi atanuna.

FundiMzee_Masasi

Anune. Mpe hela ya kununa. Mwambie unalipa zaidi kwa ajili ya kupanga picha, kwa sababu kweli ni kazi zaidi. Mimi naongeza elfu 5.

MamaWaMtanda_Lindi

Na ujipime mchana. Kwenye kioo kirefu. Ukitembea, ukikaa. Usituletee tausi mwingine huku Lindi.

MtuWaTandahimba

Tunasubiri mrejesho.

Andunje_Mwenzio

Wiki ya tano sasa. Mleta uzi yuko hai?

KidogoWaShangani (mwanzisha uzi)

Nipo wakuu, samahanini, nilitoka Lindi na mafua.

Fundi alinuna. Siku mbili. Halafu nikamwekea elfu 5 juu ya cherehani, akachukua chaki, akatandika kitenge sakafuni mwenyewe, akaanza kuzihamisha feni kwa karatasi alizokata mviringo. Alipofika kwenye ile ya mgongoni akaniambia, "Huyu aliyekuandikia ni mtu mzima." Ni kama alikuwa anamsalimia.

Mwenyekiti wa kamati alilalamika ukumbini kwamba gauni langu "halina feni". Nikageuka, akaona ya mgongoni, akasema mbona imekaa vizuri hivyo, ya kwake ilikuwa tumboni. Sikumjibu kitu. Joto la ule ukumbi Mama Mtanda hukunitania, bitana niliifumua chooni kwa wembe.

Wifi yangu mrefu alikuwepo. Amependeza kama kawaida yake, feni zake saba nimezihesabu. Shangazi alinishika bega akauliza kama nimenenepa, na kwetu hiyo ni sifa. Mjomba wa Newala naye alifika. Aliniangalia kutoka juu mpaka chini, akaenda kula.

BibiWaMikindani

Akaenda kula! Hapo umeshinda.

BintiNachingwea

Hongera jamani. Mimi nimeshaloweka changu toka jana. Na lile gauni la tausi umelifanyaje?

KidogoWaShangani (mwanzisha uzi)

Nimelifumua. Marinda yametoa kitambaa kingi, fundi amenishonea sketi na foronya mbili. Tausi wawili wazima wamekaa kwenye foronya, wanaangaliana.

Yule popo bado yupo. Kitambaa hakikutosha, amebaki kwa ndani ya sketi, kwenye pindo la nyuma, kichwa chini vilevile.